Deni Likihamia Simuni, Nani Katibu?



Ndugu wasomaji, siku hizi haipiti semina ya ujasiriamali hapa chuoni bila kutajwa mageuzi ya kidijitali. Tunaambiwa duka dogo lisiloingia kwenye simu litafungwa, na kwamba kijana mwenye simu ya kupangusa tayari ana ofisi mfukoni. Wanaosema hayo wana hoja. Tangu MTN ilipoleta pesa za simu Uganda mwaka 2009, hata muuza nyanya wa soko la Mbale amezoea kupokea malipo asiyoyashika mkononi. Wenzetu wa kitivo cha biashara watalieleza hilo vizuri kuliko mimi. Mimi nasoma masomo ya Kiislamu, na kinachonishughulisha ni kitu kidogo ambacho semina hizo hukipita haraka: daftari la madeni. Ni lile lililokunjika pembe, lenye alama za vidole vya mafuta, linalokaa chini ya meza karibu na mizani. Duka likihamia kwenye simu, daftari nalo huhama. Nauliza: likishahama, nani anakuwa katibu wa deni, na je, anazo sifa za ukatibu?

Tuanze na Qur'ani. Aya ya 282 ya Suratul Baqara ndiyo ndefu kuliko zote, na haizungumzii swala wala hija. Inazungumzia kuandika deni. Tumeizoea mno hata hatuishangai tena. Inawaagiza waumini wanaokopeshana kwa muda maalumu waliandike deni lao, liandikwe na katibu mwadilifu baina yao, wawepo mashahidi, na watu wasione uvivu kuandika hata deni likiwa dogo. Hapo katikati kuna jambo ambalo wengi tunalipita mbio. Ni nani anayetamka yale ambayo katibu anayaandika? Ungetarajia awe mwenye mali, kwa kuwa yeye ndiye mwenye hofu ya kupoteza. Aya imempa kazi hiyo mdaiwa. Yeye ndiye anayeimla, na yeye ndiye anayeonywa amche Mola wake asipunguze kitu. Akiwa hawezi, basi msimamizi wake aimle kwa uadilifu.

Wafasiri wametoa sababu ya kisheria: kauli ya mtu dhidi ya nafsi yake ni ikirari, na ikirari ni hoja nzito. Sawa kabisa. Lakini tazameni pia kikao chenyewe kilivyo. Mdaiwa ndiye mnyonge pale. Amekuja kwa haja, na kukopa, kama wasemavyo wazee, ni harusi, kulipa ni matanga. Pamoja na unyonge wake, sauti inayosikika kikaoni ni yake. Deni linaandikwa kwa kinywa chake, mbele ya macho yake, na mtu anayemwona.

Kisha mwishoni mwa aya kuna maneno kuhusu katibu na shahidi ambayo wanazuoni wameyasoma kwa njia mbili, kwa kuwa kitenzi chenyewe cha Kiarabu kinazibeba zote mbili: wasidhuriwe, au wasidhuru. Kwa usomaji huo wa pili, katibu si kalamu tu. Ni mtu mwenye uwezo wa kumdhuru mwingine kwa kuandika, na amekatazwa.

Najua jumhuri ya wanazuoni wanaona amri ya kuandika ni ya kupendekezwa, kwa sababu aya inayofuata inaruhusu watu kuaminiana. Tabari aliiona ni wajibu, na Ibn Hazm pia. Sitaingia katika hitilafu hiyo. Kwa vyovyote vile, aliyeamua kuandika anafungwa na masharti ya uandishi. Waislamu wa zamani walilichukua jambo hili kwa uzito mkubwa hata likawa elimu ya kujitegemea, ilmu shurut, elimu ya namna ya kuandika mikataba. Imam Tahawi wa Misri, aliyefariki mwaka 933, huyo tunayemsoma sana kwa ajili ya akida, aliandika vitabu katika elimu hiyo. Nasikitika kwamba tunamkumbuka kwa kimoja tu.

Sasa twende dukani. Mjomba wangu ana duka la rejareja Iganga, nje kidogo ya mji: sukari, chumvi, sabuni ya mche, mafuta ya kupikia ya kupimwa, unga wa posho, maharage, mkate. Likizo iliyopita aliniita. "Sheikh," akasema (ndivyo anavyoniita tangu nijiunge na masomo haya, kwa utani na kwa matumaini pia), "njoo unihamishie daftari kwenye simu." Kuna kijana alikuwa amepita akiwawekea wenye maduka programu ya bure ya kuandikia mauzo na madeni, na mjomba hakutaka kuachwa nyuma na maduka ya jirani.

Nilikaa na daftari lile siku mbili. Wateja arobaini na mmoja. Limeandikwa kwa Kisoga, kwa Kiganda, kwa tarakimu, na pengine kwa alama anazozijua mwenyewe. Nayaweka hapa kwa Kiswahili. Mmoja aliandikwa "boda ya tanki jekundu, 4,500". Mwingine, "mwalimu, 12,000, asiulizwe mpaka mshahara utoke". Mwingine, "mama pacha, sabuni na chumvi, mume asijue". Kulikuwa na mzee mwenye mstari mrefu wa madeni, na pembeni yake neno moja tu: "amefiwa". Chini ya neno hilo hapakuwa na hesabu iliyojumlishwa tena. Nilipomuuliza mjomba nimwingize kwa kiasi gani, aliichukua kalamu mkononi mwangu, akaukata mstari wote, akarudi kupima sukari.

Programu ilikuwa na nafasi nne: jina kamili, namba ya simu, kiasi, tarehe ya kulipa. Haikukubali kuendelea mpaka zote zijazwe. Hapakuwa na mahali pa kuandika "amefiwa". Hapakuwa na mahali pa kuandika "mume asijue".

Mtu anaweza kusema hayo ni mapambo, deni ni kiasi na tarehe. Sikubaliani naye. Aya ya 280 ya sura hiyohiyo, aya mbili tu kabla ya ile ya kuandika, inaamuru mwenye dhiki apewe nafasi mpaka hali yake ikunjuke, na inasema kumsamehe ni bora zaidi. Hukumu hiyo haitekelezeki bila kujua nani ana dhiki. Mnaikumbuka hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Hurayra, ya mfanyabiashara wa zamani aliyekuwa akikopesha watu: alipomwona mwenye dhiki aliwaambia vijana wake wamwachilie, naye Mwenyezi Mungu akamwachilia. Mambo yote katika hadithi hiyo yanaanza na kuona. Yule mtu alikuwa na macho dukani. Daftari la mjomba, pamoja na fujo zake zote, lilikuwa limeandikwa na mtu anayeona, na yale aliyoyaona aliyaandika humohumo kando ya kiasi. Ukitoa maneno ya pembeni ukabakiza tarakimu, umeacha kumbukumbu sahihi zaidi ya fedha na umetupa kile ambacho aya ya 280 inakihitaji.

Na halikubaki kuwa jambo la kufikirika. Wiki chache baada ya mimi kurudi Mbale, programu ilianza kuwatumia meseji yenyewe wote waliopitisha tarehe. Mama pacha hana simu yake. Namba iliyokuwa dukani ni ya mumewe, aliyowahi kuitumia mara moja kuagiza gesi. Deni lilikuwa shilingi 6,300. Ujumbe ulifika alfajiri ukiwa na jina la mkewe, kiasi, na onyo kwamba amechelewa. Yaliyotokea nyumbani siku hiyo sitayaeleza. Mjomba alikwenda kusuluhisha akiwa na mzee mmoja wa msikitini, na yakaisha, alhamdulillah. Ila mama yule sasa hununua chumvi yake duka la mbali zaidi, kwa fedha taslimu, na akipita mbele ya duka la mjomba hutazama upande wa pili wa barabara.

Najua kuna atakayesema mke hakupaswa kumficha mumewe. Huenda. Hilo ni la kwao wawili, na si muuza duka wala mashine aliyepewa kulihukumu. Mjomba alipewa siri. Tumefundishwa katika hadithi waliyoipokea Abu Dawud na Tirmidhi kwamba mtu akikuambia jambo huku akigeuka kutazama nyuma, jambo hilo ni amana kwako, hata kama hakutamka neno amana. Sasa fikirini ni watu wangapi hutazama nyuma kabla ya kukopa dukani. Karibu wote! Kila mstari wa daftari la madeni umeandikwa na mtu aliyemwona mwenzake akigeuka.

Wala kukopa chakula si aibu inayostahili kutangazwa. Mtume (s.a.w.) alifariki na deraya yake iko rehani kwa Myahudi kwa ajili ya pishi thelathini za shayiri, kama alivyosimulia Bibi Aisha (r.a.) katika Bukhari. Nyumba tukufu kuliko zote iliwahi kula kwa mkopo.

Rafiki yangu tunayelala naye chumba kimoja anasoma biashara. Nilimsomea nusu ya makala haya, akacheka. Akaniambia, "We unalipenda daftari kwa sababu hujadhulumiwa nalo. Kwetu Soroti nimeona muuza duka akiongeza sifuri moja, na bibi asiyejua kusoma akalipa." Akaendelea: daftari huliwa na panya, huloa mvua, mtoto hulichana akatengeneza ndege. Mwenye duka akifa, warithi wake hawajui nani anadaiwa wala nani anadai. Na duka lisilo na kumbukumbu halitapata mtaji kamwe, kwa kuwa hakuna benki itakayoamini maneno matupu.

Nampa haki yake, na si kwa adabu tu. Suala la kifo peke yake linatosha kuninyamazisha. Qur'ani katika Suratun Nisaa imetanguliza kulipa deni na wasia kabla ya mirathi, na Mtume (s.a.w.) kwa muda alikuwa akijizuia kumswalia maiti mwenye deni asiyeacha cha kulilipia. Daftari linalosomeka na mtu mmoja tu ni hatari kwa mtu huyo siku akifa. Suala la mtaji nalo ni kweli. Sheria ya mabenki ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2016 kuruhusu huduma za benki za Kiislamu, na benki ya kwanza ya aina hiyo ikapata leseni mwaka 2023. Tuliyasubiri hayo kwa miaka mingi. Lakini hata benki itakayokufanyia murabaha bila riba itataka kuona unauza nini na kiasi gani kwa mwezi. Haitasoma alama za mjomba.

Hata hivyo, katika hoja ya mtaji rafiki yangu amechanganya mali mbili. Mauzo ya mjomba, kwamba jana ameuza kilo ishirini za sukari na katoni mbili za sabuni, ni habari yake. Akitaka kumwonyesha mwenye benki, amwonyeshe. Lakini kwamba mwalimu fulani hana fedha kuanzia tarehe kumi mpaka mshahara, hiyo si habari ya mjomba. Ni ya mwalimu. Imewekwa kwa mjomba kama mtu anavyoweka begi lake kwa jirani akienda safari. Jirani hawezi kulitoa begi hilo kuwa dhamana ya mkopo wake mwenyewe, hata mkopo uwe halali na benki iwe ya Kiislamu.

Na hapo ndipo palipo neno "bure". Mjomba aliniuliza swali la maana kuliko mengi ya semina: "Huyu kijana anakula wapi?" Nikayasoma masharti ya programu ile, kurasa kadhaa za Kiingereza cha mawakili. Ndani yake kampuni inajiruhusu kuwapa taarifa "washirika" wake ili watoe huduma za kifedha. Programu ilikuwa imeomba pia kuingia kwenye orodha ya namba zote zilizomo katika simu. Sijui huyo mshirika ni nani, na mjomba hajui. Mama pacha hakuulizwa kabisa. Turudi kwenye aya: katibu anakaa baina ya wawili, wote wanamjua, naye anaandika kwa ajili yao. Katibu huyu mpya hakai baina yao. Amekaa upande wa tatu, anaandika kwa ajili yake, na mshahara wake anaupata kwa kusoma alichokiandika. Nadhani hapa ndipo ukatibu unapoharibika, hata kama tarakimu zote ni sahihi na hakuna shilingi iliyoongezwa.

Majirani zetu Kenya waliyaona matokeo mapema. Wakopeshaji wa kwenye simu walikuwa wakichukua orodha ya namba za mkopaji, na akichelewa wakawapigia ndugu zake, marafiki, hata mwajiri wake. Malalamiko yalizidi mpaka Benki Kuu ya Kenya ikatoa kanuni mwaka 2022 zinazowataka wawe na leseni na kuwakataza kuwasumbua watu waliomo katika simu ya mdaiwa. Kwetu Uganda ipo Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, inayodai ridhaa ya mtu kabla taarifa zake hazijakusanywa. Kwa sheria hiyo duka la mjomba nalo ni mkusanyaji wa taarifa. Alipolisikia hilo aliangua kicheko, akaniuliza kama atavaa tai.

Naomba nisieleweke kama mmoja wa wale wanaolaumu kila kitu cha kidijitali. Ugomvi wa wafanyabiashara na mamlaka ya kodi juu ya EFRIS, uliowafanya wenye maduka wa Kampala wafunge milango Aprili 2024, ni ugomvi mwingine kabisa. Pale inaulizwa serikali ione kiasi gani cha mauzo, na kila upande una wasemaji wake. Wala sisemi turudi kwenye karatasi kwa kuwa intaneti huzimika, ingawa Januari 2021, wakati wa uchaguzi, ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa na daftari la chini ya meza halikuzimika. Hoja yangu ni nyembamba kuliko hizo. Inamhusu mdaiwa na sauti yake.

Tena mdaiwa naye si malaika. Kuchelewesha kwa mtu mwenye uwezo wa kulipa ni dhuluma, hadithi iko wazi. Hapa nje ya geti kuna mama wa chapati anayewadai baadhi yetu tangu muhula uliopita, na wadaiwa wake wanaonekana wakinunua bando za wiki nzima. Kwa hao kumbukumbu kali ina faida, na meseji ya kila asubuhi ingewafaa. Sitara haikuwekwa iwe pazia la mtu kulia mali ya mwenzake.

Lakini kabla hatujawafundisha wenye maduka, tujitazame. Mara ngapi tumeona, katika makundi ya WhatsApp ya wanafunzi, orodha ya mchango wa futari au wa safari, majina themanini, mengine yana alama ya tiki na mengine yameandikwa "bado"? Mweka hazina ameiweka kwa nia njema, apate kufunga hesabu. Anayeisoma anajua sasa kwamba fulani na fulani hawana shilingi elfu tano, na mmoja wao huwa haendi tena kwenye futari hiyo kwa kuwa jina lake limekaa na "bado" wiki mbili. Ujumbe wa faragha kwa mtu mmoja mmoja ungechukua dakika arobaini. Tumeokoa dakika arobaini. Walio katika uongozi wa jumuiya mwaka huu wanaweza kulibadilisha hili kesho, bila semina na bila bajeti.

Nimejaribu kufikiri programu ya madeni ambayo ingekaribia kikao cha aya ingekuwaje, na jambo moja la teknolojia limenishangaza kwa uzuri wake. Chukua meseji ileile iliyomwaibisha mama pacha, uiwahishe. Badala ya kuja baada ya tarehe kupita kama onyo, ije dakika ileile ya kukopa, kwenye simu ya mkopaji mwenyewe: umekopa sukari kilo moja na sabuni, jumla ni kadhaa, utalipa lini? Asiposema ndiyo, deni haliandikwi. Tarehe aiweke yeye. Hapo sifuri ya Soroti haiongezeki, kwa sababu mdaiwa amelithibitisha deni kabla halijaandikwa. Na akiwa hana simu yake, kama mama pacha, basi liandikwe kwa kalamu au asiandikiwe meseji kabisa, maana namba ya mtu mwingine si kinywa chake. Programu za namna hii zinaweza kutengenezwa na wenzetu wa kompyuta waliopo hapahapa chuoni. Ninachowaomba waongeze ni nafasi ya tano, isiyo ya lazima, isiyotoka nje ya simu ya mwenye duka, ya kuandika neno kama "amefiwa".

Kwa sasa mjomba ameigawa kazi. Mauzo na bidhaa ziko kwenye simu, na amegundua kwamba mafuta ya kupimwa yalikuwa yakimtia hasara mwaka mzima bila yeye kujua. Madeni ameyarudisha kwenye daftari jipya, na mke wake amelisomeshwa, alama kwa alama, kwa ajili ya siku ambayo yeye hatakuwepo. Hesabu alizokwisha kuziingiza amezifuta kwenye simu. Kama zimefutika pia huko kwa washirika, hakuna aliyemjibu.

Nilimpelekea mwalimu wetu wa fiqhi ya muamalati swali lililobaki: je, kubofya "ndiyo" kunahesabiwa kuwa ni kuimla deni, kama aya ilivyotaka? Alisema ishara inayofahamika huchukuliwa na wanazuoni mahali pa kauli katika mambo mengi, hasa kwa asiyeweza kusema, na kwamba tutalijadili darasani. Kisha akanirudishia swali: nijue kwanza wateja wangapi wa mjomba wanaweza kusoma meseji wanayoibofya. Nilimpigia mjomba jioni hiyo. Alihesabu kwa vidole, akitaja mmoja mmoja. Kati ya arobaini na mmoja, kumi na tatu humpa mtoto wa nyumbani awasomee.